Keki za Mahameni

Siku ya kuanua tanga la Mama Stella, pale Kilosa, wajukuu walileta keki. Waliiagiza Morogoro, ikaja na basi la asubuhi ndani ya boksi, nyeupe kama ukuta uliopigwa chokaa, na juu yake jina la marehemu limeandikwa kwa sukari ya zambarau. Watu walikuwa wameshakula wali na nyama, wameshanawa, na keki ile ikakatwa vipande vidogo vidogo ikapitishwa kwenye sinia kama dawa ya kugawiwa. Haikuwa mbaya. Ilikuwa laini na tamu kupita kiasi, na baada ya kuimeza hukumbuki umekula nini. Nilimaliza changu kwa sababu nimelelewa kutobakiza. Stella, ambaye siku hizi naye ni bibi, akaja kuketi kwenye mkeka karibu yangu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Da Rehema, hivi mama alikuwa anatia nini kwenye ile keki yake ya ndizi? Miaka yote najaribu, haitokei." Nikaanza kumweleza. Nikamwambia kwanza lazima nimsimulie mwaka wa kuhamia vijijini, maana yeye alikuwa bado hajaanza shule na hawezi kukumbuka vizuri. Watoto wakasogea kusikiliza. Lakini wageni wa Dumila walikuwa wanawahi gari, wakainuka kuaga, ikabidi na sisi tuinuke kuwasindikiza, maneno yakakatikia hapo. Nimeona niyaandike, maana mdomo wangu sasa unachoka haraka kuliko mkono.

Jinsi nilivyofika kwa mama mdogo ni habari ndefu na haina utamu, kwa hiyo naiacha. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimemaliza darasa la saba, jina langu halikutoka, na mama mdogo Tatu alihitaji mtu wa kumsaidia. Aliishi kwenye kitongoji kilichoitwa Kwa Mgiriki, upande wa Kisanga, kando ya shamba la katani ambalo mwenyewe alikwisha kuondoka. Katani ilikuwa imeachwa, imetoa milingoti mirefu ya maua, na waliokuwa vibarua wake sasa walilima mahindi na mpunga kati ya mistari. Nyumba ya mama mdogo ilikuwa ya udongo, sebule na chumba kimoja. Chumbani tulilala wawili kitanda kimoja cha kamba, na juu ya kichwa changu alining'iniza kifurushi cha iliki alichotumiwa kutoka milimani Uluguru, kwa sababu hakutaka panya waifikie. Mpaka leo nikisikia harufu ya iliki nataka kusinzia. Nyuma kulikuwa na ua, na ua ule haukuwa na uzio kati yake na ua wa jirani, Mama Stella. Hapo katikati ndipo lilipokuwa tanuri.

Mama Stella, jina lake Veronika, alikuwa Mkristo, wazazi wake walitoka Njombe kuja kukata mkonge, na msichana alipokua akawekwa jikoni kwa Mgiriki. Huko ndiko alikojifunza kuoka. Alipoolewa na Fundi Gervasi, mumewe hakumpa kitenge wala bangili, alimjengea tanuri. Alifyatua matofali mwenyewe, akayachoma, akayapanga mviringo kama kichuguu kilichokatwa mdomo, na kwenye matofali mengine ungeona alama za vidole vyake pale alipoyabeba kabla hayajakauka. Ndani yaliingia masinia mawili na makopo ya maziwa ya unga yapatayo kumi. Lilikuwa la Mama Stella, lakini mama mdogo alilitumia kama lake. Jumamosi nilizozikuta, tulikuwa tunaamka kuwasha kuni za mkambala, zikishaungua hadi kuwa makaa tunayakokota nje, tunafagia sakafu ya tanuri kwa tawi bichi, kisha Mama Stella anatupa unga kiganja kimoja ndani. Unga ukiwa mweusi papo hapo, tunasubiri. Ukigeuka hudhurungi taratibu, anasema, "Haya, leta." Mdomo tunauziba kwa kipande cha debe na udongo. Fundi Gervasi alibeba mikate kwa baiskeli hadi barabara kuu ya Mikumi kuwauzia madereva wa malori ya Zambia, na mkate mmoja siku zote ulibaki nyumbani. Tuliula ungali moto, umepakwa samli waliyotuletea akina mama wa Kimasai kwa kubadilishana na mahindi. Sijawahi kula kitu bora kuliko kile, na nimekula katika nyumba nyingi.

Fundi Gervasi alifariki wakati wa Kwaresma. Homa, siku chache, basi. Alizikwa nyuma ya tanuri, chini kidogo kuelekea mtoni, kwa sababu padri hakuweza kufika na njia ya makaburini ilijaa maji. Pasaka hakikuokwa kitu. Mama Stella alivaa kaniki na kufanya kazi zake zote, ila tanuri alilipita kama mtu anayempita mwenzake waliyegombana naye. Mama mdogo hakumsukuma. Alisema majonzi yana muda wake kama unga uliokandwa, ukiuharakisha hauumuki.

Kiangazi kikaja na Operesheni. Tulikuwa tumesikia habari zake kwenye redio ya duka, lakini lori lilipokuja lilikuja siku moja tu na safari moja tu kwa kila nyumba mbili. Kila mtu atahamia kijiji kipya, karibu na barabara ya Mikumi, ambako kutakuwa na shule, zahanati na maji ya bomba. Shule ilijengwa kweli, na Stella alisoma hapo, sitasema uongo. Lakini siku ile hatukuona shule, tuliona lori. Tulipakia vitanda, vinu, mitungi, kuku waliofungwa miguu, milango iliyong'olewa na mabati yaliyokuwa mazima. Mama Stella alipanda akiwa na mtoto na mfuko wa unga wa ngano, nusu gunia, aliokuwa amenunua marehemu kabla ya kuugua. Mgambo mmoja aliyekuwa anasaidia kupakia akaangalia tanuri, akatania, "Na hili nalo linapanda?" Mama Stella akamjibu, "Lingeweza kupanda lingekuwa limeshapanda. Endelea na kazi yako, mwanangu."

Kijiji kipya kilipimwa kwa kamba. Barabara moja pana ilinyooka toka mwanzo hadi mwisho, nyumba huku na huku, kila kiwanja sawa na mwenzake. Viwanja viligawiwa kwa bahati nasibu na kwa bahati yetu tulipata kuelekeana na Mama Stella, barabara katikati. Majirani wengine wote walikuwa wageni. Walitoka Ulaya, kijiji kile cha huku huku Kilosa, walitoka upande wa Kidodi, wengine walitoka mashamba ya mbali ambayo hata jina sikulijua, na watu walisalimiana kwa adabu kisha kila mmoja akaingia kwake. Idi ndogo ilitukuta pale, na chakula cha sikukuu kilikuwa ugali wa unga wa njano wa msaada, kwa sababu mvua zilikuwa zimekataa na mazao yalibaki kule. Sukari haikuwepo dukani. Watoto walivaa nguo walizokuwa nazo, wakazunguka kupokea mkono wa Idi, na nyumba nyingi zikawapa karanga. Sikuona aliyelalamika. Nadhani kila mtu alidhani mwenzake ndiye mwenye nafuu.

Mama Stella alikuwa hatoki. Mchana alilima shamba la kijiji na wengine, akirudi anafunga mlango. Siku moja jioni nilikuwa uani kwetu napepeta mchele kidogo tuliokuwa nao, naye akaja kuketi na mama mdogo sebuleni. Ukuta ulikuwa bado haujakandikwa upande mmoja, fito tupu, kwa hiyo nilisikia yote bila kutaka.

"Tatu, mimi hapa sikai," alisema Mama Stella. "Dada yangu ameniita Kilosa. Kwenye nyumba za reli kuna chumba. Krismasi ikipita, nachukua mtoto wangu naondoka."

Mama mdogo akauliza, "Na Baba Stella?"

"Baba Stella yuko kule. Hata nikiwa hapa siko naye."

"Sawa," alisema mama mdogo. Nilimsikia akivuta kigoda. "Siwezi kukufunga kamba. Lakini mwaka huu Idi ya kuchinja na Krismasi zimefuatana kama mtu na kivuli chake. Leo Idi, kesho Krismasi. Hilo halitatokea tena tukiwa na nguvu hizi. Huondoki bila kuoka."

"Nioke wapi? Kwenye mafiga?"

"Kule kule."

"Wamekataza kurudi mahameni. Watu wamekamatwa wakienda kuokota kuni."

"Wamekamatwa wanaorudi kukaa. Sisi tunakwenda kupika."

Mama Stella alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha puani, lakini sikuwa nimekisikia tangu Kwaresma, na ungo ulisimama mikononi mwangu. Namkumbuka mama mdogo akitoka uani baadaye akanitazama na kusema, "Kama umesikia, umesikia. Kesho tunakwenda Kidodi."

Kidodi tulikwenda kwa lori tupu lililokuwa linafuata miwa, na kurudi kwa lori lililojaa nyanya. Somo yake mama mdogo alikuwa na shamba dogo la miwa karibu na mto, na alitupa miwa kadiri tulivyoweza kubeba wawili. Nyumbani tuliimenya, tukaikatakata, tukaitwanga kwenye kinu, tukaikamua kwa kitambaa, na maji yake tukayachemsha tangu asubuhi mpaka jua likaegemea magharibi, tukikoroga kwa zamu. Mwanzo ni maji ya kijani yenye povu chafu. Baadaye yanakuwa kama chai. Mwisho yanakuwa mazito, meusimeusi, yanarusha mapovu makubwa yanayopasuka taratibu, na harufu yake inaleta watoto wa barabara nzima kusimama mlangoni. Mama mdogo aliwapa kila mmoja kijiti alichochovya. Mimi nilikwangua sufuria kwa kijiko na sikugawia mtu. Unga wa ngano wa marehemu tuliuchekecha mara mbili, wadudu wakabaki kwenye chekeche, nao unga ukabaki mzuri. Mchele tuliutwanga kwa ajili ya mkate wa kumimina. Hamira haikuwepo, tukachachua kwa togwa. Zabibu kavu za Mgiriki ambazo Mama Stella alifundishwa kutia kwenye keki, hizo hata kuziota hatukuziota. Yeye alikata ndizi mbivu vipande, akazianika kwenye bati mpaka zikasinyaa na kuwa kama ngozi, kisha akazilowesha kwenye ile sukari ya miwa usiku kucha. Stella, kama unasoma: ndicho kitu chenyewe. Hakuna siri nyingine. Wewe unatia ndizi mbivu bila kuianika, nayo inaleta maji.

Tulikwenda siku ya Arafa, mkesha wa Idi, alfajiri, mimi, mama mdogo, Mama Stella, na Stella mgongoni mwa mama yake kila alipochoka kutembea. Mama mdogo na mimi tulikuwa tumefunga. Tulibeba unga uliokandwa kwenye sufuria zilizofunikwa khanga, mayai ndani ya pumba, na samli kwenye kibuyu, na tukiulizwa tulikubaliana tuseme tunapeleka chakula kwa mgonjwa. Hatukukutana na mtu. Kwa Mgiriki palikuwa pametulia kwa namna isiyopendeza. Kuta zilisimama bila paa, mvua za kwanza zilikuwa zimeanza kuziyeyusha, na mlango wa mama mdogo ulikuwa shimo tu. Mbuzi wa mtu fulani alikuwa amelala mahali palipokuwa kitanda chetu. Lakini tanuri lilikuwa zima. Nyoka wa kijani alitoka ndani tulipotia kuni, akaenda zake. Kabla ya kuwasha, Mama Stella aliteremka kaburini na jembe dogo, akapalilia, akarudi, akanawa mikono na kuanza kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchekesha, kwa sababu mama mdogo asingeweza kuonja. Alisimama na mwiko wenye rojo la mkate wa kumimina akimwelekezea mwenzake. "Nionjee. Iliki imetosha?" Mama Stella akaonja. "Bado." Akaongeza. "Sasa?" "Bado kidogo." "Veronika, unaonja au unakula?" Mama Stella akasema mwenye kufunga hana haki ya kuuliza swali hilo. Walicheka mpaka Stella akaamka kwenye khanga yake na kuanza kucheka bila kujua sababu. Nilipewa kazi ya kupaka samli kwenye makopo, na vidole vyangu vilinitamanisha vibaya sana. Nilivipangusa kwenye majani kwa hasira. Unga wa kupimia moto ulitupwa, ukawa mweusi, tukasubiri. Ukatupwa tena, ukageuka hudhurungi. Tukaingiza makopo ya keki nyuma, mikate mbele, tukaziba mdomo. Moshi wa kuni ulikuwa umeshapanda juu ya katani, mnyoofu, siku isiyo na upepo. Mama mdogo aliutazama akasema, "Huo nao ungejificha kidogo."

Mwenyekiti wa kijiji alifika keki zikiwa bado ndani. Aliitwa Mzee Kibwana, mwembamba, mwenye kofia ya kitani, aliyepewa uenyekiti kwa sababu alijua kusoma na hakuwa na shamba kubwa la kuonewa wivu. Nyuma yake walikuwa mgambo wawili, mmoja na sururu. Mimi nilipiga goti nikasema shikamoo, naye akaitikia marahaba bila kunitazama. Nilikuwa nimemwona mtu wa barabara yetu akirudishwa amefungwa mikono kwa sababu alikutwa amelala kwenye nyumba yake ya zamani.

"Bi Tatu," alisema. "Mama Stella. Amri mnaijua."

"Tunaijua, Mwenyekiti," mama mdogo akajibu.

"Kinachofukuta hapo ni nini?"

"Keki. Na mikate ya Idi."

Harufu ilikuwa imeanza kutoka kwenye nyufa za udongo, ya samli na iliki na ndizi. Mgambo mwenye sururu alikuwa kijana, na nilimwona akimeza mate. Mwenyekiti akasema kwamba ameagizwa kila kilichobaki mahameni kibomolewe, nyumba, ghala, choo, chochote, ili watu wasipate sababu ya kurudi. Kwamba angekuwa amekwisha kulibomoa tanuri lile wiki iliyopita kama asingekuwa na kazi nyingi. Akamgeukia kijana. "Anza."

Mama Stella akaenda kusimama mbele ya mdomo wa tanuri. Hakupaza sauti. "Mwenyekiti, ndani kuna chakula. Unga ule ni wa marehemu, hakuna mwingine. Mwaka huu watu wanakula mahindi ya msaada, na wewe utafukia chakula kwa matofali? Ngoja kiive. Kikishaiva fanya ulilotumwa."

Sikujua mwanaume yule angefanya nini. Alitazama tanuri, akatazama kule chini kaburini palipokuwa pamepaliliwa udongo mpya, akavua kofia akajipepea. Kisha akaketi juu ya jiwe la kunolea visu. "Ziive," alisema. Tukakaa wote. Ilikuwa saa ndefu kuliko zote nilizokaa maishani. Joto, nzi, harufu. Mama Stella alipobandua udongo na kuvuta kopo la kwanza, keki ilikuwa imepanda na kupasuka juu, rangi ya udongo mwekundu, na sukari ya ndizi imetokeza pembeni ikang'aa. Akaipindua kwenye ungo, akakata kipande, akamwendea Mwenyekiti kwa mikono miwili. Yeye akainua kiganja. "Nimefunga, mama."

"Sote tumefunga," mama mdogo akasema, "ila huyu Mkristo, na ndiye anayetutesa."

Mgambo mmoja akaanza kucheka akajizuia kwa kukohoa. Mwenyekiti hakucheka, lakini alikaa akitazama makopo yakitoka moja baada ya jingine, na mikate ya kumimina miwili, mipana, imeiva vizuri. Kijana mwenye sururu akalisogelea tanuri, akaligusa, akaruka nyuma akipuliza vidole. "Mzee, lina moto. Nikilipiga litanirukia." Mwenyekiti akatazama jua. Alitaka kufika nyumbani kabla ya magharibi, kama sisi. Akasimama akavaa kofia, akasema maneno ambayo mama mdogo aliyarudia miaka yote iliyofuata kwa sauti ile ile ya kiserikali: "Sikukuu zikipita, nisione tofali hata moja hapa."

"Hapa?" akauliza mama mdogo.

"Hapa."

"Hutaliona, Mwenyekiti."

Alitutazama kwa muda, na nadhani alielewa. Alichosema ni, "Nimesema ninachotakiwa kusema," akaondoka na watu wake.

Siku ya Idi asubuhi, baada ya swala chini ya turubai, nilitumwa barabara nzima na sinia. Mkate wa kumimina ulikatwa vipembe, na kila nyumba, hata ambazo hatukujua jina la mwenyewe, ilipata sahani iliyofunikwa kitambaa. Siku ya pili ilikuwa Krismasi, na sinia likatoka upande wa pili wa barabara, la keki ya ndizi, akalibeba Stella na mimi nikimshikia chini. Vipande vilikuwa vidogo. Nyumba ya mwisho walipata kipande kimoja watu saba, wakakikata kwa uzi. Mwanamke mmoja wa kutoka Ulaya alinirudishia sahani ikiwa na mayai mawili, mwingine ikiwa na dagaa, kwa sababu sahani hairudi tupu, na kila aliyerudisha aliuliza kilipikwa wapi. Mama mdogo aliwaambia ukweli. Mchana ule wanawake sita au saba wasiojuana walikuwa wamekaa uani kwetu wakibishana kama iliki inafaa au haifai kwenye kitu cha ngano, na mama mmoja, ambaye hakuwahi kufungua mdomo mbele yetu, alisimulia jinsi mama yake alivyokuwa akioka mihogo ndani ya chungu kilichofukiwa. Mimi nilikula kipande changu peke yangu nyuma ya nyumba, nimegeukia ukuta. Nakumbuka ndizi ilivyovutika kwenye meno, na chumvi kidogo ya samli, na utamu mzito wenye moshi ndani yake. Tangu nifungue hoteli yangu Mikumi nimeoka keki ambazo watu wa mabasi wameshuka kuziulizia kwa jina. Hakuna hata moja niliyoila nimegeukia ukuta.

Zilipopita sikukuu, wanawake wale walikuja na kata zao za kubebea mizigo kichwani. Hakuna aliyewaita rasmi. Tulikwenda Kwa Mgiriki mchana kweupe, safari tatu kwa siku mbili, tukashusha tanuri kuanzia juu, tofali baada ya tofali, tukapanga vichwani. Tulikuwa mstari mrefu kwenye njia ya katani, tukiimba nyimbo za harusi kwa sababu hatukuwa na nyimbo za kubebea matofali. Mama Stella alichagua moja lenye alama za vidole vinne, akateremka nalo, akalisimika upande wa kichwa cha mumewe. Mwenyekiti alikuja kukagua baadaye. Hakuna aliyemsikia akilitaja lile moja.

Kilichobaki kilikuwa kulijenga upya, na hapo ndipo wenyewe walipogombana. Mama mdogo alitaka liwe kwenye kiwanja cha Mama Stella. "Ni lako, na liwe kwako." Mama Stella akasema haiwezekani. "Mimi naondoka, Tatu. Nimekwambia. Litakaa kwako." Mama mdogo akasema kama litakaa kwake basi halijengwi kabisa, matofali yabaki rundo, yeye hawezi kulea tanuri la mtu aliye Kilosa. Walibishana asubuhi yote, kila mmoja amesimama kwenye kiwanja chake, wakirushiana maneno ng'ambo ya barabara, na wanawake wengine wamekaa juu ya matofali wanasikiliza. Mwisho Mama Stella akatoka, akachukua tofali akaliweka katikati ya barabara, pale pale aliposimama amechoka kubishana. "Basi na liwe hapa!" alisema kwa hasira. "Si kwako, si kwangu." Mama mdogo akaenda akachukua la pili akaliweka pembeni mwa lile. Mama wa Ulaya akaleta la tatu. Ilipofika jioni mviringo wa chini ulikuwa umekamilika, na Mama Stella alikuwa amepiga magoti ndani yake akisawazisha sakafu kwa kiganja, akitukaripia kwamba tunaweka udongo mwembamba mno.

Mwenyekiti akaja na kamba yake ya kupimia. "Hapa ni barabara," alisema.

"Gari gani linapita, Mwenyekiti?" mama mdogo akamuuliza.

Alitazama huku, akatazama kule. Hapakuwa na gari. Akakunja kamba akaenda, na Jumamosi iliyofuata mkewe alikuja na bakuli la unga uliokandwa, akalitua chini bila kuomba ruhusa, akasubiri zamu yake.

Kuhusu kwenda Kilosa, Mama Stella hakusema tena na hakuna aliyemuuliza. Alikaa pale mpaka alipokuwa mzee wa kushikwa mkono, ndipo Stella akamchukua. Tanuri liliinama likaanguka mvua za masika fulani, mimi nimeshaolewa Mikumi, na matofali yake yakaishia kwenye kuta za watu. Lakini kwa miaka yote ile watu, baiskeli, mikokoteni na baadaye magari walikuwa wamelizunguka, na nyumba mpya na miti ikafuata walikopita watu. Kwa hiyo ukienda leo utaona barabara ile inakuja imenyooka toka shuleni, ikifika kati ya viwanja vile viwili inapinda kidogo kulia, kisha inarudi kwenye mstari wake. Vijana wa bodaboda wanapunguza mwendo hapo, wanamlaumu aliyepima.